Jicho la Kisogoni

Kifurushi kilifika Jumanne. Marusia alikituma kutoka Winnipeg:
kamera ndogo kama kizibo cha chupa,
kioo chake, waya mita saba, skrubu nne,
na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa na mtu
asiyewahi kuona samadi ikigeuka jiwe.

Wasyl alikitazama, akamaliza chai.
"Mimi nina wewe," akasema.

Ni kweli. Miaka thelathini na mmoja alikuwa nami.
Kila aliporudi nyuma kutoka zizini
nilisimama pale, glavu hewani:
njoo, njoo, kushoto, kushoto kwako si kwangu, basi!
Wahenga walisema akupaye kisogo si mwenzio.
Wahenga hawakuolewa na dereva wa katapila.
Kisogo cha Wasyl nakijua kuliko uso wake:
mikunjo mitatu, kovu la mlango wa ghala,
nywele zilivyoanza kumhama bila kuaga.

Katapila lenyewe ni dogo, fupi, bishi.
Magurudumu yake hayajui kukata kona;
upande mmoja unakwenda, wa pili unagoma,
ndivyo linavyogeuka, likichuna ardhi.
Mbele kuna sepeto na dunia yote.
Nyuma kuna injini, mlango wa chuma,
na chochote kilichopo hapo, kilichopo hapo.

Machi iliyopita niliteleza.
Barafu chini ya theluji mpya.
Glavu ilishuka, nami nikaifuata.
Yeye akaja tu, kinyumenyume,
akidhani kimya changu kinasema njoo.
Dizeli ilikuwa imeanza kuganda.
Likakohoa. Likazima.
Hatua moja na nusu kutoka gotini kwangu.

Hatujalizungumza.
Aliniinua, akanipangusa mgongo,
akauliza kama nimeona spana yake.

Basi Jumatano nikaifunga mwenyewe.
Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
keekee ikilia kama nguruwe aliyeshikwa sikio.
Tundu moja juu ya mlango wa injini.
Nikalivisha mpira wa mashine ya kukamulia
ili chuma kisiutafune waya,
nikaupitisha waya mbali na bomba la moshi,
vidole nje ya glavu kwa kuhesabu: kumi, kisha ndani.

Karatasi ilisema: unga waya mwekundu
kwenye taa ya rivasi.
Nikatafuta. Nikalala chini kwa tochi.
Hakuna. Lina vishikio viwili tu, sukuma, vuta;
mbele na nyuma ni habari za mikono,
chuma chenyewe hakijaambiwa.
Nikaunga kwenye swichi ya ufunguo.
Basi jicho halitafumba:
hata akienda mbele, nyuma itamtazama.

Picha ya kwanza ilikuja miguu juu.
Ng'ombe wakitembea darini, mbingu sakafuni.
Nikaigeuza kamera.

"Nenda nyuma," Wasyl akasema.
"Nisimame?"
"Nenda tu, tuone kama inaona."

Nikaenda. Mkono ukapanda wenyewe, kwa mazoea.
Mbele yangu kisogo kilekile, mikunjo ileile,
injini ikinguruma, wala haliendi popote.
Nikadhani imekufa. Nikadhani fyuzi.
Mwishowe akanyanyua wavu wa mlango, akatoa kichwa.
"Hilo koti ni la baba?"
"Tangu mwaka wa mafuriko."
"Aa," akasema.
Akarudi ndani, akakaa kidogo tena.

Sasa sisimami. Nina kazi jikoni, na goti linashukuru.
Lakini theluji haikusoma maelekezo;
usiku huja ikaziba jicho lote.
Kila alfajiri natoka na kitambaa cha flana,
napulizia lenzi pumzi, nafuta, nafuta tena,
na huko mbele, najua, uso wangu
umejaa kioo kizima, pua kama kiazi.

Hapigi honi hadi nimalize.
Akipiga, hupiga mara moja.